Alama ya Manjano

Sehemu ya tisa

Kwa aliyechelewa kuingia, nimfungulie mlango haraka. Mume wangu, mpima viwanja ambaye mimi humwita Bwana Vipimo, aliniacha akamwoa binamu yangu, mtoto wa shangazi yangu hasa, niliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu ya chuo. Mgahawa wangu mdogo ukaungua. Mahakama ikaamua binti yetu akae na baba yake mpaka mimi nipate kazi na makao ya kueleweka. Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeajiriwa hotelini, kwenye meza ya bufee, na mmoja wenu akamwandikia mhariri wa gazeti hili kwamba sasa nimepata ahueni, hadithi iishie hapo.

Ingeishia hapo ningeshukuru.

Wengine mnauliza mbona nasimulia haya yote bila kulia. Jibu ni kwamba tangu mgahawa uungue nimekufa ganzi. Nakula sisikii, nalala sisikii, mtu akinitukana naitika kama kaniamkia. Daktari alisema ni uchovu, akaniandikia vidonge. Nikavimeza. Navyo sikuvisikia.

Ninayoyasema leo sijamwambia mtu.

Kila Jumamosi mchana hoteli yetu ilikuwa na bufee ya Kihindi. Getini palining'inizwa bango refu: LADHA HALISI ZA INDIA. Uhalisi wenyewe ulikuwa kwenye bango tu. Meneja, mwanamke mkali tuliyemwita Madam, aliamuru pilipili ipunguzwe, viungo vipunguzwe, krimu iongezwe. Kufikia wiki ya tano chakula kilikuwa laini kiasi cha kumwachisha mtoto ziwa.

Mpishi wetu alikuwa Mhindi wa India kwelikweli, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyetembea na kijiko mfuko wa kifuani kama daktari na kipimajoto. Tulimwita Chefu. Krimu ilipomiminwa kwenye sufuria yake, aligeuka akatazama ukuta.

Wiki ya sita mgeni mmoja akaandika malalamiko marefu. Alisema ameishi India miaka minane, na kile alichokula kwetu hakijawahi hata kupita karibu na India. Madam alisoma, akamwita Chefu.

"Jumamosi hii pika kama kwenu."

"Kama kwetu kweli?"

"Kama kwenu kweli. Wakilia, walie."

Sijawahi kuona mzee akitembea haraka namna ile. Jumamosi alifika kabla ya walinzi kubadilishana zamu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipozaliwa.

Kila chakula kwenye bufee kina kadi yake mbele, na kwenye kadi tunabandika alama za rangi. Nyekundu ni pilipili. Kijani ni chakula kisicho na nyama. Manjano ni karanga, korosho, lozi, na jamaa zao wote. Kuna watu korosho moja inawafunga koo. Kadi zilikuwa kazi yangu, na Chefu alikuwa na sheria yake kwamba mtu habandiki alama kabla hajaonja.

Asubuhi ile wenzangu walikuwa ukumbini wakipanga viti. Jikoni tulikuwa wawili. Akachota korma ya kuku, mchuzi mweupe mzito, akanipa kijiko.

"Onja. Unasikia nini?"

"Tamu, Chefu."

"Tamu si jibu. Kwanza nini, halafu nini?"

"Kwanza moto."

Akacheka mpaka akashika meza. "Moto ni wa jiko, mama. Chini ya iliki kuna nini?"

"Krimu?"

"Krimu ilikuwa zile wiki tano za aibu. Leo ni korosho. Nimesaga kwa mkono wangu, korosho na lozi kidogo, kama mama yangu alivyosaga. Kwenye korma weka alama ya manjano."

"Sawa, Chefu."

"Rudia."

"Alama ya manjano kwenye korma."

Nilirudia kwa mdomo wangu. Mtu asije akasema sikuambiwa.

Karatasi ya alama za manjano ilikuwa imeisha, nyingine ziko stoo. Nikaenda. Njiani Madam akanisimamisha kuniuliza habari za vitambaa vya meza, nikamjibu, nikaendelea. Nilipofika stoo nilisimama katikati ya makopo na sikujua nimefuata nini. Siku zile ilinitokea mara nyingi. Nikachukua vijiko vya mchuzi, maana macho yangu yaliviangukia, nikarudi ukumbini.

Korma ikakaa mezani na kadi ya wiki iliyopita.

Saa sita na nusu milango ikafunguliwa. Sifa za Chefu zilianza kabla sahani za kwanza hazijaisha. Kulikuwa na mchicha na jibini ya kukaanga, dengu nyeusi zilizolala motoni tangu jana, mbuzi wa viungo aliyewatoa watu jasho mpaka kwenye masikio. Watu walilia kweli, wakarudi kuongeza. Chefu alichungulia mlangoni pa jikoni, kijiko mkononi, akitabasamu peke yake.

Ndipo wakaingia Bwana Vipimo, Binamu na binti yangu.

Bwana Vipimo alitangulia, akiupima ukumbi kwa macho kama anataka kuugawa viwanja. Binamu alifuata na gauni jipya. Nilikuja kusikia baadaye kwamba alikuwa amepandishwa cheo kazini, na mtoto ndiye aliyeomba sherehe ifanyikie kwetu. Mtoto huyo ana miaka kumi na mmoja. Tulimpa jina la Kasuku alipokuwa mdogo, kwa maneno yake yasiyokwisha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekua."

"Tulionana Jumapili iliyopita, Mama."

"Kumbe."

Bwana Vipimo akanipa salamu ya kichwa. Binamu akavaa miwani ya mbao, akashika sahani, akaanza kupita mezani kama hajapata kuniona duniani. Sikumlaumu. Mimi pia ningependa kutojuana na mimi.

Alipofika kwenye korma, akasimama. Akaitazama kadi. Kisha akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

"Samahani, dada. Hii ina korosho?"

Tuelewane. Katika ukumbi ule wa watu mia na zaidi, ni watu wachache tu waliojua kwa nini anauliza, na mimi nilikuwa wa kwanza. Nilishamwona amevimba macho yakafunga, chuoni, kwa kipande cha keki. Mimi ndiye niliyembeba siku hiyo. Daktari akatufundisha wote wawili kuchoma sindano, tukajizoeza kwenye chungwa, tukacheka sana.

Nikaitazama kadi. Haikuwa na manjano. Na palepale nikaisikia sauti yangu mwenyewe ya asubuhi: alama ya manjano kwenye korma.

"Kadi haina alama," nikasema.

"Kwa hiyo haina?"

"Haina."

Nimefika. Hilo ndilo nililokuwa nalizunguka tangu mstari wa kwanza. Nilijua, nikasema haina.

Msinifikirie hasira. Ningekuwa na hasira ningepata angalau kitu cha kutubu. Nilimchukia Binamu mwaka mzima, kwa bidii, kisha chuki nayo ikafa na mengine. Neno lilitoka kama vile mtu kakuuliza choo kiko wapi ukamwambia kushoto. Kasuku alikuwa kasimama ubavuni pake na sahani yake, akinitazama.

Binamu akasita. Akarudisha upawa.

"Nitarudi kwa hii," akasema, akachukua wali na mchicha, akaenda kukaa.

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningeweza kumfuata nikasema samahani, nimekosea. Ningeweza kuiondoa ile sufuria. Wanisamehe wanaonitakia mema, nilikuwa na dakika kumi nzima. Nilikwenda jikoni kuchukua mikate ya naan.

Niliporudi na kikapu, kiti kilikuwa kimeanguka.

"Maji! Leteni maji!" Bwana Vipimo alikuwa akipiga kelele. "Kapaliwa!"

Hakupaliwa. Midomo ilikuwa imevimba, shingo ina mabaka mekundu, na pumzi inapiga mluzi. Mbele yake kulikuwa na kibakuli chenye mchuzi mweupe. Nikajua amerudi kupakua nikiwa jikoni, kwa neno langu.

"Mkoba wake," nikasema.

"Nini?"

"Mkoba! Mfuko wa ndani, wenye zipu."

Mume wake alimwaga mkoba wote mezani, funguo, karatasi, kitana. Vipimo vyote vilimpotea. Nikampokonya, nikafungua zipu, sindano ikawa palepale ilipokuwa ikikaa tangu chuoni. Nikapiga magoti, nikamchoma paja juu ya gauni jipya, nikahesabu mpaka kumi. 

"Pigeni simu hospitali. Mlazeni, mwinueni miguu. Wewe sogea, mpe hewa."

Baada ya muda mluzi ukapungua. Akafungua jicho moja. Akanishika kidole.

Na watu wakapiga makofi, msomaji. Ukumbi mzima ulisimama ukanipigia makofi. Kuna aliyesema ni malaika. Nilisimama pale na sindano tupu mkononi, nikiwaza kwamba naan zinapoa.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, Bwana Vipimo alibaki nyuma kidogo. Alinifuata kwenye ujia wa jikoni, macho mekundu. Mwanamume huyu sijapata kumwona akilia, hata alipomzika baba yake.

"Ungeweza kumwacha," akasema.

"Ningeweza."

"Baada ya yote tuliyokufanyia. Nimekuwa mjinga." Akafuta pua na mkono. "Kasuku aje akae kwako. Mambo ya mahakama nitayashughulikia mimi. Kesho nitamleta na nguo zake."

Miaka miwili niliomba neno hilo. Niliandika barua, nilituma wajumbe, nilipiga magoti mbele ya mama yake. Sasa limekuja, na nililipokea kama mtu anayepokea risiti.

"Sawa," nikasema.

Saa kumi Madam akatuita ofisini, mimi na Chefu. Mezani aliweka kadi ya korma.

"Chefu, kadi haina alama. Leo umeweka korosho. Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia huyu."

Madam akageuka. Sura yake kwangu ilikuwa laini, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Alikuambia?"

Nikafikiria godoro la Kasuku litakaa wapi. Chini ya dirisha panavuja. Ingebidi kabati isogezwe.

"Hapana, Madam."

Chefu alinigeukia. Nilitegemea afoke, apige meza, aniapize kwa lugha ya kwao. Badala yake akapapasa mfuko wa kifuani, akakuta kijiko, akakishika.

"Basi labda nilisahau," akasema. "Nilikuwa na furaha sana asubuhi."

Madam alisema kikao cha nidhamu ni Jumatano saa tatu. Mpaka siku hiyo Chefu asikanyage jikoni. Mimi niandike maelezo yangu, niyasaini mbele ya kikao. Chefu alipotoka, Madam akashusha sauti.

"Namhurumia. Akimwaga unga hapa, kibali chake cha kuishi nchini kinakwisha siku hiyohiyo. Lakini nifanyeje? Mtu nusura afe."

Jumapili Kasuku akaja na begi lake. Nilisogeza kabati. Nilipika, alikula, akaosha sahani bila kuambiwa.

"Umeshiba?"

"Ndiyo."

"Unapapenda hapa?"

"Ndiyo."

Kasuku wangu wa zamani angenieleza habari za njiani mpaka nimwombe apumzike. Nikajiambia ni ugeni. Usiku nilimsikiliza akipumua na nikangoja furaha ije. Ilinichelewa, nikalala.

Jumatatu nilikwenda hospitali. Binamu alikuwa amekaa kitandani, uso bado umejaa upande mmoja.

"Karibu, dada," akasema, na safari hii lilikuwa dada la kweli.

"Unaendeleaje?"

"Ninaishi." Akavuta shuka. "Uliniambia haina."

"Kadi ilikuwa haina alama."

"Sikuiuliza kadi. Nilikuuliza wewe."

Nilitazama dripu. Tone, tone, tone. Nilijua ananing'oa jino, na sikusikia maumivu.

"Lakini sindano ni wewe uliyeichoma," akaendelea. "Mimi nilikuchukulia mume, wewe umenirudishia roho. Mtoto kaja kwako, mlee. Na ya pale mezani tuyaache palepale mezani. Usimwulize mtu zaidi, na mimi sitakuuliza. Unanielewa?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya mtoto, dada. Unanielewa?"

Nikasema nimeelewa. Nilidhani ananisitiri mimi.

Jumanne nilimkuta Chefu kwenye geti la nyuma la hoteli, kwenye benchi la wapakuzi wa mizigo. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye aproni mbili, na kinu kidogo cha chuma alichokuja nacho kutoka kwao. Nilitaka kumpita. Akagonga benchi kwa kiganja, nikakaa.

"Nikuulize kitu cha mpishi kwa mpishi," akasema. "Ile korma uliionja?"

"Niliiweka mdomoni."

"Sikuuliza hivyo."

"Sikuisikia, Chefu. Sisikii kitu tangu mwaka jana. Chumvi, sukari, yote mamoja. Nimekuwa nikikudanganya kila Jumamosi."

Akafikiri. Mpakuzi mmoja akapita na gunia la vitunguu, wakasalimiana.

"Ungeniambia," akasema. "Ningekuweka kwenye mikate."

Hivyo tu. Hakunilaani. Mtu anafukuzwa nchi kwa uongo wangu, naye anawaza angenipangia kazi gani iliyo nyepesi.

"Kwa nini hukubisha ofisini?" nikamwuliza.

"Kubisha na nani? Wewe umemwokoa mtu mbele ya watu mia. Mimi ndiye niliyetia korosho." Akasimama, akapangusa suruali. "Na una mtoto. Nilikuona ukimtazama. Mimi wangu ni wakubwa, hawanihitaji."

Hapo ndipo niliposikia kitu. Kilikuwa kidogo, chini ya mbavu, na ilinichukua muda kukitambua, maana tulikuwa hatujaonana siku nyingi. Ilikuwa aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikapiga moyo konde. Nikaamua nitakwenda kikaoni Jumatano, nitasema Chefu aliniambia, nilirudia kwa mdomo wangu, nilisahau, na nilipokumbuka nilidanganya. Bwana Vipimo angesikia. Kasuku angeondoka. Nilijua hivyo, na bado niliamua.

Jumatano nikaamka mapema. Nikakaanga mayai, nikakata mkate, nikamimina chai. Saa mbili na robo nilikuwa nimevaa kiatu kimoja, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, Kasuku yuko mezani.

"Mwanangu, kuna jambo nitakwenda kulisema leo. Nikilisema, baba yako atakuja kukuchukua. Labda leoleo."

Akaacha kutafuna. "Usiseme."

"Kuna mtu atafukuzwa kazi kwa kosa langu."

"Si kosa lako."

"Ni langu. Nilijua ile korma ina korosho. Mama yako mdogo aliponiuliza nikamwambia haina, akaamini, akarudi kuipakua."

"Hakurudi."

"Alirudi. Nilikuwa jikoni."

"Hakurudi, Mama." Kasuku aliyasema maneno hayo akiitazama chai. "Aliogopa. Alisema mezani, huyo ana yake moyoni, bora niache tu. Baba akamwambia anaringa, akaenda kuongeza mbuzi. Mimi ndiye niliyempelekea. Nilichukua kibakuli."

Kiatu cha pili kilikuwa mkononi mwangu.

"Ulimpelekea kwa nini, kama aliogopa?"

"Nilimwambia nimeonja, haina."

"Na ulionja?"

"Ndiyo."

"Ukasikia nini?"

Mtoto huyu alikulia kwenye mgahawa wangu. Alijua kutofautisha iliki na mdalasini kabla hajajua kusoma. Alikuwa akiniibia korosho kabatini kila siku ya Mungu, nikijifanya sioni.

"Korosho," akasema.

Nilishuka chini nikakaa sakafuni. 

"Ulijua zitamfanya nini? Kasuku, nitazame. Nyumbani kwenu hamli korosho. Ulijua kwa nini?"

"Nilidhani atawashwa tu." Machozi yalianza kumtoka, lakini uso haukucheza. "Nilidhani atawashwa, watakasirika, halafu niseme nataka kuja kwako. Wewe ulimwambia haina. Nikajua na wewe unataka."

Mnakumbuka nilivyosema sisikii kitu? Niliusikia moyo wangu wote kwa mara moja. Uliniuma kama meno. Nililia kwa kelele, mimi niliyezika mgahawa na ndoa kwa macho makavu, nikamkumbatia miguu mwanangu pale chini ya meza, naye akanipapasa kichwa kwa mkono wenye siagi.

"Nani mwingine anajua?" nikamwuliza nilipopata sauti.

"Mama mdogo. Nilipokwenda kumwona hospitali na Baba Jumamosi jioni, akamtuma Baba dukani, akaniambia nisimwambie mtu. Hata wewe. Ndiye aliyemwambia Baba asibadili neno, niletwe kwako haraka."

Sasa ndipo nilipolielewa lile neno lake, kwa ajili ya mtoto. Binamu niliyemwandika vibaya kwenye gazeti hili wiki nane mfululizo alikuwa hospitalini na dripu mkononi, akimsitiri mwanangu.

Nikajaribu kufikiri. Nikisema ukweli wangu, wataniuliza korma ilifikaje mezani kwa mtu aliyekataa kuipakua. Nikinyamaza, yule mzee anapanda ndege na kinu chake. Saa ilikuwa mbili na nusu imepita. Nilikuwa bado na kiatu kimoja.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa Bwana Vipimo. Gari lake lilikuwa linanguruma nje, na hakuwa na salamu.

"Nimepigiwa simu na meneja wako," akasema. "Wametazama kamera za ukumbini. Wanasema mke wangu hakusogelea ile sufuria tena. Kuna mtoto anaonekana anabeba kibakuli, kaipa mgongo kamera." Akamtazama Kasuku, akanitazama mimi niliyevimba macho, akarudi kwa Kasuku. "Wanataka na yeye aje kikaoni, aulizwe. Nimewaambia watoto walikuwa wengi pale. Lakini nataka nisikie hapa kwanza, kabla sijamtia kwenye gari."

Akavuta pumzi.

"Mnajua chochote kuhusu hicho kibakuli?"

Sikumtazama Kasuku, wala yeye hakunitazama. Tukajibu kwa pamoja, sauti moja, kavu, kama vile katuuliza choo kiko wapi.

"Hapana."

Bwana Vipimo akatikisa kichwa taratibu. Akainama, akaokota kiatu changu cha pili, akanipa.

"Basi twendeni," akasema. "Tutachelewa."